Mistari Miwili ya Njia ya Buleusa

Mambo yaliharibika mardi, Jumanne ya tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu, mwaka 2019, jua likiwa halijamaliza kutoka, pale Sebarenzi alipogonga jante mara moja.

Mara moja ilikuwa kusema: njia ya Buleusa iko wazi, mupite. Mara mbili: imefungwa, kila muntu akae kwake. Kalembe yote ilijua hivyo. Watu walitania kwamba hata mbuzi wa soko hawalii mpaka wasikie jante. Jante ilikuwa chuma cha gurudumu la camion ya kwanza ya Mama Mbambu, muchuuzi wa Butembo aliyekuja kufungua duka hapa wakati wengine walikuwa wanapakimbia. Camion ilifia kwenye matope, ikaliwa na kutu, lakini jante ilibaki na sauti yake. Wakaitundika nyuma ya kanisa kwenye nguzo ya mukaratusi, na tangu pale njo ilikuwa kinywa cha mji.

Kinywa kile kilisema maneno ya simu.

Wakati wa vita njia si njia. Leo unapita na bidon zako za mafuta ya ngazi, yale mawese mekundu, kesho watu wa bunduki wamekaa katikati yake kama uwanja wa baba yao. Ndiyo maana kulikuwa shirika moja la Goma, Njia Njema, lenye site kwenye mtandao: Masisi na Walikale, njia gani iko wazi, njia gani imefungwa. Coordinateur wake alikuwa Apollinaire, mutoto wa Kalembe hii hii, aliyesoma akapanda akafika mbali. Na Apollinaire hakuwa mugeni kwa Sebarenzi. Alikuwa parrain wa ndoa yake. Siku ile Sebarenzi na Thacienne walipopiga magoti mbele ya padri, Apollinaire njo alisimama nyuma yao katika koti jipya, akaapa kwamba nyumba hii ikiwaka moto yeye atakuwa wa kwanza kuleta maji.

Muntu anaapa vizuri akiwa na koti jipya.

Apollinaire mwenyewe alikuja kufundisha, katika ukumbi wa paruasi, pale kanisani, na watu wakajaa mpaka madirishani. Alisema: "Wapenzi, musifungue site yetu. Mukifungua, picha zitakula mega zenu zote, mutabaki kunilaani. Mwandike tu kwenye moteur, ile mashine ya kutafuta: njia ya Buleusa. Jina la shirika letu litatoka. Chini ya jina mutaona mistari miwili. Mistari ile njo habari. Musome, mufunge simu, mwende kazini." Watu walipiga makofi, maana mega Kalembe ni kama chumvi, hakuna anayemwaga. Kisha Apollinaire akamuita Sebarenzi mbele, akamuvalisha gilet ya manjano, akamupa simu ya shirika. "Huyu njo macho yenu," akasema.

Sebarenzi aliishia darasa la tatu. Kusoma anajua, lakini polepole, kama muntu anayevuka muto juu ya mawe. Mistari miwili iliweza kumutosha. Kila asubuhi alipanda kilima nyuma ya paruasi mpaka kwenye jiwe moja jeusi, pahali pekee ambapo réseau inakamata, akageuza uso upande wa Mweso, akaandika kwa kidole kimoja, akasoma, akashuka, akagonga.

Mardi ile mistari ilisema: *Njia ya Buleusa: iko wazi. Hakuna tatizo kwa wasafiri.* Akashuka. Akagonga mara moja.

Alipofika nyumbani, Thacienne alikuwa anafunga bidon zake mbili kwa kamba ya mugomba, pamoja na jirani yao Pétronille.

"Papa Igiraneza," Thacienne akamuambia bila kuinua kichwa, akimuita kwa jina la mutoto wao aliyekua akaondoka, "leo jante yako imelia kama sufuria yenye tundu."

"Jante iko sawa. Masikio yako njo yanazeeka."

"Yanazeeka kwa kusikia wewe ukikoroma." Pétronille akacheka mpaka akaangusha kifuniko cha bidon. Thacienne akajitwika, akatengeneza kata kichwani kwa vidole viwili. "Ugali wa usiku iko chini ya kikapu. Usimupe jogoo wote, yule anakudanganya na macho."

Wakaenda. Muke wake alikuwa na namna ya kutembea akitupa mukono wa kushoto tu, kama vile ule wa kulia una kazi nyingine. Sebarenzi aliangalia mukono ule mpaka migomba ikaufunika.

Pétronille alirudi jioni bila bidon na bila sandali, miguu ikivuja damu. Alifika mbele ya nyumba, akashika nguzo ya baraza.  Alisema tu:

"Papa Igiraneza, uligonga mara moja."

Thacienne aliletwa kesho yake kwenye kipoyi, mabegani mwa vijana wanne wa Buleusa wasiomujua hata jina. Kwenye kijito, pale njia inapoingia musituni, watu wa bunduki wa upande huu walikutana na wa upande ule, na wanawake wawili wenye bidon walikuwa katikati. Vijana walisema mapigano yalikuwa yamewaka tangu wiki iliyopita. Walishangaa. "Nyinyi Kalembe hamukuambiwa?"

Hamukuambiwa. Neno lile lilimuingia Sebarenzi kama mwiba wa samaki. Baada ya kuzika, watu wakiwa bado wanakunywa chai ya matanga, aliwaacha akapanda kilima na nguo zake za maziko. Akaandika. Mistari ikatoka ile ile: *iko wazi. Hakuna tatizo kwa wasafiri.* Akaandika tena. Iko wazi. Udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye kucha zake, na simu inamuambia hakuna tatizo.

Siku ile alifunga jante kwa kitambaa, asiiguse tena.

Apollinaire hakuja kuzika. Alituma gunia la mchele na maua ya plastiki yenye utepe: *Njia Njema inalia pamoja nanyi.* Aliyekuja ni Fifi, mwanamuke wa miaka kama thelathini, aliyekuwa akiandika habari kwenye site kule Goma. Alikuja kwa camion ya Mama Mbambu, akiwa amekaa juu ya mifuko ya sementi, na alipoingia uwanjani hakuketi na wageni. Alienda moja kwa moja kwa Sebarenzi, akachuchumaa mbele yake.

"Papa, miye njo ninaandika kuhusu njia. Samedi niliandika. Samedi, siku tatu mbele mardi haijafika. Niliandika: imefungwa, musipite."

Sebarenzi alimuangalia kama muntu anayeangalia nyoka bila kujua kama ni wa sumu ao wa bure.

"Usinidanganye, mama. Miye nilisoma. Na leo nimesoma. Inasema iko wazi."

"Uliyosoma si site yetu, papa. Uliyosoma ni kumbukumbu ya moteur."

Mama Mbambu, aliyekuwa anagawa chai, akasimama na birika mukononi. "Ueleze kama unaeleza watu, Fifi. Hapa hatukula chaki."

Fifi akavuta pumzi. "Sawa. Muone moteur kama mukubwa mwenye mutumishi. Mutumishi anapita nyumba kwa nyumba, dunia nzima. Akifika, anaangalia ndani, anarudi anamuambia mukubwa: kwa fulani kuna hiki. Ukiuliza mukubwa, anakupa yale mutumishi alileta mara ya mwisho. Hata kama kwa fulani nyumba imeungua jana, yeye hajui, mutumishi hajarudi. Nyumba zenye watu wengi anapita kila saa. Sisi tuko nyumba ya mwisho wa kijiji. Anapita akikumbuka."

"Basi site ilisema kweli, na mistari ikasema uongo," Mama Mbambu akasema.

"Ndiyo. Mungefungua site, mungeona imefungwa."

"Walitukataza kufungua!" Pétronille akalia kutoka pembeni. "Nilikuwa dirishani pale! Musifungue, musifungue!"

Fifi akainamisha kichwa. Sebarenzi alisubiri kelele zipungue, kisha akauliza polepole: "Na yule mutumishi, hakuna namna ya kumuita? Hata mbwa anaitwa."

Fifi akageuza kichwa. Alitazama gunia la mchele lililokuwa limeegemea ukuta na maua yake ya plastiki.

"Iko namna," akasema. "Mwenye site anapewa mulango wake na moteur. Anaingia na neno la siri, anasema: hapa pamebadilika, mupite. Mutumishi anakuja haraka, pengine siku ile ile. Lakini neno la siri siko nalo. Liko na Papa Apollinaire na secrétaire wake Hilaire, wawili tu. Samedi nilimupigia Papa Apollinaire. Nikamuambia, papa, watu wa Kalembe wanasoma mistari, mistari iko na uongo, unipe neno niite. Akasema tutaona lundi. Lundi, mardi ikiwa kesho, alikuwa na mukutano. Nikamutumia ujumbe. Akajibu: acha presha."

"Kwa nini akunyime?"

"Kwa sababu kule ndani, papa, moteur inaonyesha pia ni watu wangapi wanaingia kwetu. Yeye aliwaambia wenye kutoa misaada kwamba ni maelfu na maelfu. Si kweli. Wataingia namna gani na sisi tuliwafundisha wasiingie? Anaogopa macho mengine yasije yakaona."

 Jogoo wa Thacienne, yule wa kudanganya na macho, alipita katikati ya miguu ya watu akitafuta makombo.

Tangu siku ile Sebarenzi hakuwa na njaa ya kitu kingine isipokuwa kimoja: Apollinaire aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, yale Fifi alisema mbele ya chai. Asilipe, asitoe mbuzi. Aseme tu. Watu wa bunduki Sebarenzi hakuwa na neno nao. Mwiba ukikuchoma huulizi mwiba. Lakini yule aliyekuambia vua viatu, hapa hakuna miba, na huku anajua, yule unamuuliza. Wakubwa wako hivyo, alijisemea kila alipopita karibu na jante iliyofungwa kitambaa. Wanakutoa macho, kisha wanakushika mukono, twende huku.

Mwezi wa tano Apollinaire alikuja. Si peke yake. Alileta magari matatu meupe, antene yao wenyewe ya réseau, na mugeni mukubwa kutoka Kinshasa, Papa Archange, aliyekuwa amechaguliwa président mupya wa shirika mahali pa Papa Jules aliyestaafu. Njia ya Buleusa wakati ule ilikuwa imefunguka, camion za Mama Mbambu zilikuwa zinapita kila siku. Fifi hakuwa pamoja nao. Walisema alipata kazi nyingine. Yeye mwenyewe alimuambia Mama Mbambu kwenye simu kwamba kazi njo ilimufukuza.

Mbele ya yote Apollinaire alikuja nyumbani kwa Sebarenzi. Alitazama msalaba wa kaburi pale nyuma ya migomba, akafanya alama ya msalaba, akaketi bila kukaribishwa.

"Ndugu yangu. Ile njo kazi ya Mungu, hatuna jibu."

"Ya Mungu?"

"Na ya mashine. Mashine ile iko mbali, Sebarenzi, hatuiamuru. Inapita ikitaka."

"Fifi alisema kuna namna ya kuiita."

Apollinaire akacheka kidogo, cheko la muntu anayefukuza nzi. "Fifi! Yule alifukuzwa kwa mudomo. Sikiliza. Kesho asubuhi wageni wanataka kuona jante. Wamesikia habari yake mpaka Kinshasa. Utavaa gilet, utapanda kwenye jiwe lako, utasoma, utashuka, utagonga. Papa Archange atapiga picha na wewe. Na useme kitu kidogo. Kwamba hata baada ya msiba, bado unaamini kazi yetu. Wewe njo ushuhuda wetu."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Muke wako..." Apollinaire akajikata. "Watu watakuamini."

Sebarenzi alitazama mikono ya parrain wake. Ilikuwa safi, kucha zimekatwa vizuri. "Nitakuja," akasema.

Jioni ile wageni waliketi ukumbini, ule ule wa *musifungue*, na Kalembe yote nyuma yao. Hotuba zilikuwa ndefu. Katikati ya hotuba ya Apollinaire, Papa Archange akatoa simu yake, akaandika jina la shirika ili awaonyeshe wenzake. Akasoma. Akasoma tena, akaanza kucheka na meno bila macho.

"Coordinateur, samahani nikukate. Hapa wanasema shirika linaongozwa na Papa Jules. Kumbe mimi sijazaliwa bado?"

Wageni wakacheka. Watu wa Kalembe wakacheka pia, maana kicheko cha mukubwa ni amri. Apollinaire alicheka kuliko wote, na jasho likamutoka juu ya mudomo.

"Site tumebadilisha, Excellence, ni moteur tu iko nyuma. Dakika moja tafadhali."

Akatoka kwa mulango wa nyuma. Sebarenzi alikuwa amesimama pale pale inje, chini ya dirisha, kwa sababu viti havikumufikia. Alisikia kila neno.

"Hilaire? Hilaire, unisikie. Ingia kule. Ndiyo, kule kule. Ukurasa wa président, uite apite. Hapana, si kesho! Sasa, leo, hata kama unakula weka kijiko chini. Presha gani? Muntu mukubwa iko ananiangalia!"

Akafunga simu, akafuta mudomo, akageuka, akamukuta Sebarenzi.  Apollinaire akamugusa bega, akasema, "Kesho usichelewe," akaingia ndani kwenye makofi.

Asubuhi palikuwa na ukungu mwepesi. Sebarenzi alivaa gilet. Alipanda kwenye jiwe jeusi, na chini wageni walisimama na simu zao zikiwa zimenyooshwa kama watu wanaongoja mvua. Wanawake wa soko walikuwepo na bidon zao, Pétronille katikati yao, kwa mara ya kwanza tangu siku ile amejitwika. Mama Mbambu alisimamisha camion, dereva wake kichwa kwenye dirisha, wote wakingoja kusikia.

Aliandika kwanza jina la shirika, kwa kidole kimoja. Mistari ikatoka: *linaongozwa na Papa Archange.* Usiku mumoja. Kijiko cha Hilaire kiliwekwa chini, mutumishi akakimbia.

Kisha akaandika njia ya Buleusa.

Alisoma polepole, jiwe kwa jiwe. *Njia ya Buleusa: imefungwa. Kuna mapigano. Wasafiri, musipite.* Yalikuwa maneno ya Fifi, ya samedi ile. Mutumishi aliyapata kwa wakati wake, alipokumbuka, na sasa yamesimama pale huku njia iko wazi, camion inanguruma chini ya kilima, na hakuna muntu aliyemuita aje kuona.

Alishuka. Ukungu ulikuwa unaondoka juu ya makaratusi. Alifungua kitambaa kwenye jante, akakikunja vizuri, akakiweka mufukoni. Akashika kile kipande cha chuma cha kugongea. Papa Archange akasogea karibu kwa ajili ya picha. Apollinaire akatabasamu, akamuonyesha kidole kimoja: mara moja.

Sebarenzi hakugonga. Alimufuata Apollinaire alipokuwa amesimama, akamufungua mukono, akaweka chuma ndani yake.

"Parrain, gonga wewe," akasema, bila kuinua sauti. "Simu inasema imefungwa. Wewe unasema iko wazi. Sijui tena niamini kinywa gani. Lakini mbele ya kugonga utujibu, hapa, na muke wangu pale nyuma ya migomba akisikia."

Chuma kilikuwa baridi bado, Apollinaire alikishika kama kitu alichookota njiani.

"Jana jioni Papa Archange alitaka jina lake lijulikane, ukapiga simu moja, na usiku haujaisha, likajulikana. Samedi ile uliombwa uite kwa ajili ya njia ya Buleusa, na ukajua sisi tunasoma nini, kwa sababu wewe mwenyewe njo ulitufundisha. Ni nani alikuambia kwamba Thacienne anaweza kungoja?"